Koili ya Besi Kando ya Barabara

Jumatatu, 2 Juni
Kezia, mwalimu wa kwaya, katangaza: spika itakayotoa besi safi Jumapili, mwenyewe ndiye fundi wa kwaya mwaka mzima. Felisiani, fundi wa ng'ambo ya barabara, kanicheka. Hajui spika yangu nitaifunga koili. Mizunguko mia nne ya waya wa shaba juu ya bomba la plastiki, katikati hewa tupu, hakuna chuma. Sauti nyembamba zinazuiwa, besi inapita. Nimefumba macho nikaisikia ikitoka Kasulu, ikishuka mabondeni polepole hadi Mabamba, ng'ombe wakiinua vichwa. Hadi Burundi, pengine.

Jumanne, 3 Juni
Mke wangu, Immakulata, kanishauri nizungushe waya ndani. Nikamwambia kazi ya maana haifichwi. Nikatoa meza barabarani. Mzunguko wa 140, Mzee Niyongabo huyo. Mwakeye! Ndiyo salamu yetu ya asubuhi. Kwetu Buha mzee hasalimiwi mikono ikiwa na waya. Nikauachia, nikapiga makofi, nikainama, tukaulizana habari za watoto, maharage, mbuzi. Koili yote ikafumuka. Nimeanza upya.

Alhamisi, 5 Juni
Leo wamepita wazee saba! Rosa muuza ndizi kanong'oneza kwamba Felisiani anawanywesha chai, kisha anawaambia wapitie kwangu wanijulie hali. Mtu mbaya sana. Lakini makofi ningewanyimaje? Hadi jioni hesabu imenipotea. Nimekadiria mia nne. Kwa macho inafanana na mia nne. Nikabaki nimekaa nayo mapajani, jua likizama, nikisikia kwaya nzima ndani yake.

Jumapili, 8 Juni
Spika ya besi imeimba soprano. Kanisa zima liligeuka kunitazama. Felisiani ndiye fundi wa kwaya. Immakulata kaifumua koili huku akihesabu: mia moja tisini na moja. Imeniuma. Sikula.

Jumatatu, 9 Juni
Nimegundua kosa. Koili ilikuwa ndogo! Mpya itakuwa ya mizunguko elfu moja, juu ya ndoo. Nimembembeleza Kezia, kakubali kuisikiliza Jumapili, mara ya mwisho kabisa. Immakulata kauliza meza naiweka wapi. Palepale, penye mwanga, nikamjibu.

Jumanne, 10 Juni
Saa nne asubuhi. Mzunguko wa 612. Naandika haya waya nimeubana kwa magoti. Besi naisikia tayari, laini, inakuja yenyewe. Na Mzee Niyongabo naye anakuja, na wenzake watatu, wanatokea kwa Felisiani wakijifuta midomo.

Nasimama kuwasalimia.