Kakule Radi na Kaka Zake Watatu

"Kumutuma maji!" Stanislas alipiga kikombe juu ya meza. "Kakule Radi! Mutu anapasua mawe na kidole, weye unamutuma ku robinet na bidon ya njano!"

"Hapana miye," Éphraïm akajibu. "Kaka mukubwa yake njo alimutuma. Angekataa namna gani?"

"Mukubwa gani? Tangu lini Kakule Radi iko na mukubwa?"

"Tangu alizaliwa, Papa Stanislas! Jina yake inasema!"

Nilikuwa nimefika kwenye kibanda cha chai cha Mama Godelive kununua mandazi ya watoto, basi. Lakini vikombe vyote vilikuwa vimepoa bila kunywewa, na hapa kwetu Butembo mtu haachi chai ipoe kwa ugomvi mdogo. Nikaketi.

Asiyejua, ajue. Kakule Radi ni shujaa wa kitabu cha picha kinachotoka Beni kila mwezi. Anatupa radi kwa mkono, na adui yake ni Bwana Matope, anayemeza malori kwenye barabara zetu. Kwa miaka kumi na mmoja Éphraïm alikuwa msomaji tu. Alikisomea kwenye benchi hili hili, na kila mwezi alimwandikia mkubwa wa kitabu barua ya kulalamika. Ndiyo maana tunamwita Barua. Lalamiko lilikuwa moja: kwetu, Kakule ni jina la mtoto wa kiume wa nne. Je, wale watatu wa mbele wako wapi?

Mwandishi wa zamani alipostaafu, mkubwa wa kitabu, aliyechoka na bahasha, alimwambia: "Njoo uandike mwenyewe." Barua akaenda. Katika kitabu chake cha kwanza akaleta kaka wote watatu, Mumbere, Kambale na Kasereka. Tangu ukurasa wa tatu shujaa wetu hajatupa hata radi moja. Kila akiinua mkono, kaka mmoja anamtuma mahali.

Asubuhi hiyo mkubwa wa kitabu alikuwa amepiga simu. Jephté, motard wa pikipiki tunayemwita Kilometa, anaondoka kwenda Beni saa nne na bahasha ya kurasa. Ukurasa wa mwisho usipokuwa na radi, kalamu inapewa mtu mwingine. Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini, na ukurasa wa mwisho ulikuwa mweupe kama sahani.

"Uwa bale bandugu," Jephté akasema, amekalia moto yake, ile pikipiki. "Lori moja, shimo ya ravin moja, kwisha."

"Kwisha nini?" Mama Godelive aligeuka na kijiko chake kikubwa. "Ukibauwa, njo kilio. Kakule atakaa chini na batu ya kilio. Bwana Matope atafika kula fufu, na hakuna mwenye atamugusa, juu njo mugeni wa kilio."

"Basi babapeleke Kampala, banunue bitu bya biashara."

"Bote tatu? Nani anabakia na bazazi yao ku nyumba? Si Kakule? Atachunga mbuzi mupaka kitabu inaisha!"

"Mais akatae tu!" Jephté akapandisha sauti. "Shujaa hawezi kusema hapana?"

"Weye unakatalaka kaka mukubwa yako?" Éphraïm akamuuliza.

Jephté akafuta kioo cha moto yake. "Leo asubuhi amenituma makala ya jiko ku Mbau, kule mbele ya Beni."

"Na safari yako inaishia wapi?"

"Beni."

"Donc, basi?"

"Donc nitafika Mbau. Ni mukubwa."

Stanislas akasimama. Ni kinyozi, lakini tunamwita Procureur, mwendesha mashtaka, maana hanyoi mtu bila kumshtaki. "Bon. Iko rahisi. Badilisha jina. Anza leo muite Mumbere Radi, bakaka bote banapotea."

Éphraïm alikuwa kama mtu aliyemwagiwa chai ya moto. "Miaka kumi na moja, Papa Stanislas! Mwandishi akifanya vile, ningemuandikia barua kali!"

"Mais mwandishi njo weye!"

"Ningejiandikia!"

"Na kazi yako?"

Éphraïm alitazama ukurasa mweupe, kisha akajifuta jasho kwa kola ya shati jipya alilonunua kwa ajili ya kazi hiyo. Nilimhurumia kidogo. Lakini watoto wangu walikuwa wananingoja na mandazi, na wanaume wakiachwa wajadili wanaweza kufika Noeli.

"Éphraïm," nikasema, "bale batoto bane, nani alibazaa?"

"Si mama yao, weye Mama Jemima?"

"Eko wapi?"

Éphraïm alimtazama Stanislas. Stanislas alitazama barabara.

"Miaka kumi na moja," nikasema. "Umetafuta bakaka. Mama, hata mustari moja?"

"Na ile nguo ya shujaa inaunguaka na radi kila mwezi!" Mama Godelive akaruka. "Nani anashona? Bwana Matope?"

"Mumbere anaweza kukatala mama yake?" nikauliza.

"Hapana!" wakajibu wote, hata mteja wa Stanislas aliyeachwa kwenye kiti cha jirani amenyolewa nusu.

"Basi andika."

Barua aliinamia meza. Mama Godelive alisimama nyuma yake akisoma kwa sauti kila neno lililotoka: "Mama anatoka jikoni na mwiko. Anasema: Mumbere, chukua bidon. Kambale, kuni. Kasereka, funga kinywa. Kakule, nenda kazi, na usinirudishie matope mu nyumba!"

Na chini yake, kwa herufi zilizojaza nusu ya ukurasa: RADI.

Jephté alipiga honi. Éphraïm alitia kurasa kwenye bahasha, akaifunga kwa mate.

"Ngoja kwanza," Stanislas akasema, kidole juu. "Ule mama. Kwao, alizaliwa wa ngapi? Juu kama eko na dada mukubwa, na ule dada akifika…"

Éphraïm hakuwa amepanga safari yoyote. Hakuwa na koti. Alirukia nyuma ya moto, bahasha mkononi, akamkumbatia Jephté kiunoni.

"Washa!" akapiga kelele. "Washa, Kilometa, mbele ya Papa Stanislas kumaliza kusema!"

Na moto ikashuka kilima.