Inchi Tatu Kila Mguu

Redio, ambaye hana redio ila ana mdomo, alitukuta kwenye benchi la Shangazi muuza kahawa akiwa ameinua simu juu.

"Wataalamu wamesema! Macho yakitazama mengi na kichwa kikibeba mengine, mtu lazima aharibu kazi!"

"Vichwa vyao hao," alijibu Fundi, aliyeweka cherehani yake hapo hapo barazani asipitwe na umbea. "Mimi nashona, nabishana, na naona nani kapita na nani. Mwaka wa kumi na tisa huu!"

Macho Kodo akacheka. Alikuwa amejifunga kitenge cha Shangazi kiunoni, maana suruali yake pekee ya heshima ilikuwa mezani kwa Fundi, ipunguzwe inchi tatu kila mguu. Saa nane alikuwa na usaili wa kazi ya kutazama skrini kumi na sita za kamera za duka kubwa. Mwaka mzima hana kazi, na asubuhi hiyo mkewe alimwambia asirudi na hadithi.

"Skrini kumi na sita chache," alisema. "Macho haya hayapitwi. Nzi akitua kwenye sukari, namjua yeye na mama yake."

"Mshika mbili moja humponyoka, mwanangu," Shangazi akasema.

"Tujaribu basi," Redio akachochea. "Fundi, fanya kazi huku unahesabu kurudi nyuma. Anzia mia, toa saba saba."

"Usaili wangu huo, jamani!" Macho Kodo aling'aka, kisha ubishi ukampanda. "Haya, kata. Nakulinda mwenyewe." Akasogea mpaka pua ikakaribia mkasi.

"Tisini na tatu." Fundi akakata mguu wa kwanza. "Themanini na sita." Akaigeuza suruali apate wa pili. "Sabini na nane..."

"Na tisa!" Macho Kodo akapiga meza. "Hata kutoa hujui?"

"Jamani, huo mguu..." Shangazi akaanza.

"Shangazi, usituchanganye!" tukamkemea sote, na mimi vidole vyangu vyote viko kwenye hesabu.

"Sabini na mbili." Mkasi ukapita. "Sitini na nne..."

"Na tano, bwana! Na tano!"

Fundi alimaliza pindo la mwisho alipofika mbili. Tukampigia makofi. Macho Kodo akavaa kwa madaha.

Mguu mmoja ulifagia vumbi. Wa pili uliishia katikati ya muundi. Kumbe Fundi alipoigeuza suruali pale mezani, mguu ule ule ulimrudia mkononi, akaukata tena.

"Si ulikuwa unatazama wewe?" Fundi akaja juu. "Pua yako ilikuwa mezani!"

"Nilikuwa nakusahihisha!" Macho Kodo alilalamika akiitazama miguu yake, na hapo hata Redio akaishusha simu. Nilimhurumia kweli. "Kata na huu, ulingane. Nitachelewa."

Fundi akakata inchi sita.

Macho Kodo akashika njia, miundi nje, bahasha ya vyeti kwapani. Shangazi akamwita.

"Mwanangu! Huko uendako usiombe kazi ya macho. Omba ya hesabu, hiyo hukukosea hata moja."