Mwalimu wa Benchi la Nyuma

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimepata kazi ya ualimu. Yaani nimejipa. Seline, jirani yangu hapa mtaani Lindi, yule anayekaanga mgongo wazi, samaki waliokwisha kutolewa minofu, pale kwenye kona, ameniuliza kama najua participle za Kiingereza, yale matendo ya -ing. Jumamosi ya wiki ijayo ana mtihani wa kuingia chuo cha wauguzi wasaidizi, na zimejaa humo. Ameshaanguka mara mbili. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho, chuo hakimpi mtu nafasi ya nne. Amekaanga samaki miaka kumi na minne. Anasema moshi umemtosha, anataka kutunza wagonjwa.

Nikamwambia participle nazila kama ugali. Ukweli ni kwamba nakumbuka jina tu. Ada yangu: samaki mmoja kila somo. Akaniita japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo. Sijawahi kuitwa hivyo. Nilitembea mpaka chooni nimenyoosha mabega.

Jumanne, 7 Oktoba

Dawa imepatikana, tena Kawangware. Mwalimu Waruguru, mstaafu mwenye ploti, ameacha chumba kimoja bila kupangisha. Humo anafundisha watu wazima Kiingereza bure, saa mbili hadi saa nne asubuhi. Mpango: nijifunze asubuhi, nifundishe saa tisa alasiri. Somo litamfikia Seline likiwa bado moto.

Nilienda kwa miguu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, mtu wa Lindi asinijue. Nikakaa benchi la nyuma. Kando yangu kulikuwa na jamaa amevaa barakoa ya enzi za korona, anakohoa kila nikimtazama. Nikasogea.

Saa sita nililala kupumzisha miguu. Saa tisa nikafundisha. Seline alikuwa anaparua magamba, daftari liko juu ya ndoo iliyofunikwa. Anaandika kila neno, kikohozi changu tu ndicho alichoruka. Nimelipwa mgongo wazi. Nyama kidogo, mifupa mingi, lakini ni jasho langu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dedan ananichafulia jina. Ana kibanda cha kuandika barua na CV kule Makina, na amesikia nina mwanafunzi. Sasa anaambia watu hotelini kwamba shuleni nilipata D ya Kiingereza. Uongo mtupu. Ilikuwa D minus. Anajua vizuri, maana jina lake lilikuwa juu ya langu kwenye orodha, na chini yetu hakukuwa na mtu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo yule wa barakoa alikuwa ananakili kutoka daftari langu. Wizi wa mchana. Nikalifunika kwa mkono, nikamtolea macho kipindi kizima. Mwalimu Waruguru alikuwa anaeleza jambo fulani kuhusu mtendaji na tendo lake. Alilirudia mara tatu kwa hivyo labda ni muhimu. Sikulipata.

Si neno. Saa tisa nikatunga mfano wangu mwenyewe: Frying in hot oil, my customers smelled the fish. Una mafuta, una wateja, una samaki, nini tena? Seline aliuandika, akausoma tena. Akaniuliza, "Japuonj, una hakika?" Nikamwambia mwalimu haulizwi hivyo. Samaki wa leo amekuwa mdogo.

Jumatatu, 13 Oktoba

Balaa. Kumbe Mwalimu Waruguru ana desturi yake. Anasema mtu hajui kitu mpaka amfundishe mwingine, kwa hivyo kila muhula kuna siku ya kuleta mtu uliyekuwa ukimfundisha nyumbani. Siku yenyewe ni keshokutwa. Anampima mgeni ubaoni. Mgeni akikwama, aliyemfundisha anahamia benchi la mbele na kuanza upya. Wenzangu walifurahi. Mmoja ataleta mkewe, mwingine mama mkwe. Jamaa wa barakoa aliacha kukohoa kabisa.

Nikimpeleka Seline, atajua namfundisha kiporo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu inaishia Kawangware.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimemwomba Muia, muuza makaa, ajifanye mwanafunzi wangu. Nilimfundisha saa mbili nzima. Mwishowe akaniuliza tulikuwa tunaongea lugha gani. Anasema Kiingereza hakimsaidii kitu, angetaka Kifaransa, shemeji yake yuko Kinshasa na simu zake hazieleweki. Nitaenda peke yangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Niandike upesi kabla sijajibadilishia hadithi.

Nimefika darasani, nimekaa nyuma. Jamaa wa barakoa akaingia, na nyuma yake, kwa gauni la Jumapili, Seline! Jamaa akavua barakoa. Dedan. Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirisha moja.

Seline hakushtuka hata kidogo. "Sasa, Ojwang. Hata wewe uko?" Kisha akamweleza Mwalimu Waruguru bila haya kwamba yeye ana walimu wawili. Mmoja huja saa sita, mwingine saa tisa. Saa sita! Nikiwa nimelala!

Akafungua daftari. Akasema walimu wake hufundisha kitu kimoja kila siku ila Ijumaa ndipo walipopishana, na angependa kujua nani amekosea. Mwalimu Waruguru akaandika mfano wangu ubaoni. Akaeleza tena: mtendaji akae karibu na tendo lake. Kwa hivyo kwenye mafuta ya Ojwang, wanaokaangwa ni wateja. Darasa lilicheka mpaka benchi likalia. Dedan alikuwa amempa sentensi sahihi, lakini alipoulizwa kwa nini ni sahihi, akaanza kukohoa.

Kicheko hakikuniuma. Kilichoniuma ni kuwaza kwamba Jumamosi angeandika upuuzi wangu kwenye karatasi yake ya mwisho. Niliona aibu ya kweli.

Mwalimu Waruguru akampa chaki, aandike yake mwenyewe. Seline akapangusa mkono kwenye gauni, akaandika polepole: Frying fish for fourteen years, I learned to wait. Yaani miaka kumi na minne ya kukaanga samaki imemfunza kungoja. Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliisoma mara mbili, akamwambia akae. Mimi na Dedan, tuliokwama wenyewe, tukahamishiwa benchi la mbele.

Tulirudi Lindi watatu. Nikamwambia ukweli wote. Akasema alijua tangu siku ya pili, mifano ilifanana mpaka majina ya mbuzi. Nikamuuliza mbona aliendelea kunilipa samaki. Akasema, "Ungekuwa unajua, ungenifundisha mara moja uende zako. Kwa vile hujui, ulirudi kila siku."

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumemngoja nje ya geti la chuo, mimi na Dedan, saa tatu nzima. Tuligawana njugu. Kengele ya mtihani ilipolia huko ndani, sote wawili tuliacha kutafuna. Alitoka akasema ana njaa, basi.

Jumanne, 21 Oktoba

Amepita! Jina lake liko la nne kwenye orodha getini. Amekaanga tilapia wawili wazima, mmoja wangu, mmoja wa Dedan, akasema hao ndio wa mwisho kukaangwa kwa ada. Nililia. Ningesingizia moshi, lakini daftari hili halisomwi na mtu. Kona ile itakuwa tupu na nitaikosa sauti yake ikiniita japuonj.

Nimeahidi kuhudhuria benchi la mbele kuanzia Jumatatu, kwa jina langu, bila kofia. Nimechoka na ujanja.

Jumatano, 22 Oktoba

Sifa zimevuma. Muia amekuja asubuhi. Anasema kama nimemvusha Seline, basi Kifaransa hakinishindi. Akaniuliza kama nakijua. Nikamwambia nakila kama ugali. Ada: debe la makaa kwa wiki.

Nimeuliza. Riruta Satellite kuna mama anafundisha Kifaransa, kila siku saa tatu asubuhi. Benchi la mbele litangoja kidogo.

Nilipita kwenye mitumba kutafuta kofia ya rangi nyingine. Nikamkuta Dedan hapo, anajaribu miwani nyeusi na ndevu za bandia. Tukasalimiana vizuri tu. Akaniambia kofia ya kijani imenikaa.