Shingo ya Sweta la Mama Neema

Leo nimefumaniwa. Mjumbe wa mtaa alikuwepo, mke wangu alikuwepo, na mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Magu kutusalimia, naye alikuwepo. Nawaandikia mapema kabla hamjalisikia kwa wengine, maana huku Kiseke neno likishatoka nyumba moja, hadi jioni lina mikono na miguu.

Nieleze vizuri.

Kazi yangu mnaijua, nachomelea mageti. Msichokijua ni kwamba siku hizi najifunza kufuma. Ndiyo, kufuma, kwa ile sindano yenye kichwa kilichopinda ambayo shangazi zenu wanafumia vitambaa vya makochi. Mama Neema, mke wangu, huondoka alfajiri kwenda mwaloni kuchukua dagaa wa biashara, na upepo wa ziwa saa zile hauna adabu. Akasema angepata sweta angeshukuru. Ningeweza kumchukulia la mtumba yakaisha. Lakini mimi ni mtoto wa Ukerewe, nimekulia kwenye nyavu, baba yangu alizifuma na kuziziba mimi nikiwa pembeni yake. Nikajiuliza, sweta litanishinda nini? (Matatizo yangu yote huanza na swali la namna hiyo.)

Nikaenda kwa Mama Vero, jirani wa mtaa wa pili, anayefundisha akina mama kufuma sebuleni kwake. Nikamwomba iwe siri. Nilitaka kumshtukiza mke wangu, na pia sikutaka vijana wa karakana wajue. Akakubali. Ni mama mtu mzima, mtu wa kanisani, na ana sauti ya kwaya. Hiyo sauti muikumbuke.

Uzi wa kwanza nilichagua mwenyewe, nailoni ya bluu inayong'aa. Niliuvuta kwa mikono miwili pale dukani, haukukatika, nikaridhika. Mama Vero akauangalia kwa muda. "Baba Neema, hili sweta ni la mtu au la kufungia ng'ombe?" Nikaanza upya kwa uzi laini wa zambarau. Uzi ulibadilika, mkono haukubadilika. Aliyezoea nyavu anakaza kila fundo, na nilivyokuwa nakaza, sindano ilikuwa haipiti tena kwenye mshono. Kila nikimaliza mstari naambiwa nilegeze. "Unafuma kama vile sangara atapita humu," alisema Mama Vero.

Basi, leo asubuhi simu yangu ikaita. Spika yake ya sikioni ilishakufa, simu inaongea kwa spika kubwa tu, kwa hiyo nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye tangi la maji. (Dirisha la jikoni nalo liko nyuma ya nyumba. Nimeishi humo miaka yote na sikulifikiria.)

"Baba Neema, leo unakuja?" Mama Vero akauliza, kwa ile sauti.

"Nakuja."

"Njoo mapema, wenzio wakiwa hawajafika. Mara ya mwisho ulibana mno."

"Nilikuwa na haraka."

"Ndiyo shida yako, haraka na nguvu. Leo twende polepole mpaka tumalize. Mama Neema hajashtuka?"

"Hajui kitu."

"Haya, njoo."

Nikaingia ndani kuaga. Mke wangu alikuwa anachambua dagaa. Nikamwambia naenda kupima geti la mtu.

"Kapime," akasema.

Mke wangu hajawahi kunijibu kwa neno moja tangu tuoane. Mwenye akili angerudi akakaa chini. Mimi nilifurahi kwamba leo hakuna maswali, nikaondoka napiga mluzi.

Kwa Mama Vero nilimkuta yeye na mwanafunzi mwenzangu mmoja, Mama Jose, aliyewahi kama mimi. Kazi iliyobaki ilikuwa shingo tu. Nikaifuma nikaimaliza, nikafunga uzi kwa fundo la nyavu, lile alilonifundisha baba, fundo ambalo likiingia majini halifunguki, na sijui kwa nini nilidhani sweta linalihitaji. Nikakata uzi uliobaki. Nililitandaza mapajani nikaliangalia. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake, lakini sweta lilikuwa sweta. Nilijisikia vizuri sana, siwezi kuwaficha.

"Lijaribu tuone mabega," akasema Mama Vero.

Mabega yangu na ya Mama Neema ni mamoja, hata mashati yangu huyavaa. Nikavua shati nikabaki na singlendi, nikaingiza kichwa. Paji la uso likapita. Pua ikapita kwa shida. Masikio nusura yabaki ndani. Lakini likashuka, likakaa, wale mama wakanizunguka wakasifia.

"Haya, livue."

Halikuvulika. Mnaujua mgono, ule mtego wa samaki, akishaingia njia ya kutokea haioni tena. Nilikuwa nimefuma mgono, na samaki ni mimi. Wakashika pindo la chini wakalipandisha juu, na singlendi ikafuatana nalo, hadi kichwa changu chote kikawa ndani ya sweta na tumbo langu lote likawa nje. Shingo ikagoma kidevuni. Mikono yangu ilikuwa juu, nimekaa kama mtu aliyekamatwa na polisi.

"Vuta, Mama Jose."

"Navuta, haitoki."

"Taratibu, jamani, mnaniumiza," nikasema mimi.

"Vumilia kidogo, baba, inakuja!" Mama Vero akasema, kwa sauti ya kwaya.

Mjumbe amenieleza baadaye kwamba walikuwa wamepanga kupiga hodi. Ni mzee mstaarabu, asingeingia nyumba ya mtu hivi hivi. Lakini baada ya kuyasikia hayo pale mlangoni, anasema, hodi ilikosa maana.

Mlango ukafunguliwa. Mimi nilikuwa gizani, nawasimulia kwa masikio.

"Huyo hapo," ilikuwa sauti ya mke wangu. "Mzee, si unamwona?"

"Nimeona tumbo," akasema mjumbe. "Uso bado."

Kisha nikasikia mtu anavuta pumzi na kugeuka haraka, khanga ikisuguana na ukuta. Nikajua ni nani. Mimi na mama mkwe hatushikani hata mikono. Namwamkia kwa mbali, nakula nimekaa upande mwingine, nikimkuta uani napita nyuma. Leo mama huyu ameuona mpaka kitovu changu.

Nikaona kukaa kimya ni kukosa adabu zaidi. "Shikamoo mama," nikasema, ndani ya sweta.

"Marahaba," sauti ikajibu kutoka ukutani. "Mumfunike kwanza."

Wakalishusha. Kichwa kikatoka, nikaona watu. Mama Neema alikuwa amesimama katikati ya sebule na mwiko mkononi, macho yamevimba. Alikuwa amelia njia nzima. Hapo msicheke, kwa sababu mimi mwenyewe sikucheka. Niliona kabisa kwamba kama nisingesema neno la maana, angeondoka na mama yake kwenda Magu leo hii.

"Na nguo yake kakuvalisha," akaniambia.

"Ni ya kwako."

"Ya kwangu ipi?"

"Sweta. La mwaloni. Si ulisema upepo?"

Mama Vero akaanza kueleza, akaonyesha mabunda ya uzi, akaonyesha ile nailoni ya bluu iliyofumuliwa. Mjumbe akasikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu. "Mimi nimeitwa kushuhudia fumanizi," akasema. "Nimekuta mtu amefumwa akifuma. Kwa kweli hili sina pa kulipeleka."

Mama Jose akaleta mkasi. Akasema dawa ni kuikata shingo. Mama Vero akasema ukikata pale linafumuka lote, na lile fundo la kwangu halina pa kuanzia.

"Asiliguse mtu," akasema Mama Neema. Akamnyang'anya mkasi. Akaja akaushika mkono wa sweta, akaugeuza, akauangalia ndani na nje.

"Umefuma wewe?"

"Mimi."

"Mkono mmoja mrefu."

"Utakunja."

Akafuta macho kwa mgongo wa mkono, mwiko bado anao. "Twende nyumbani," akasema.

Kwa hiyo nimepita Kiseke jua likiwa utosini, nimevaa sweta la kike la zambarau, mke wangu pembeni, mama mkwe nyuma kwa umbali unaostahili. Tulipofika karakana vijana wakaacha kuchomelea. Mmoja akauliza, "Bosi, unaumwa?" Nikamjibu ni malaria.

Hivi sasa nimekaa kwenye kigoda uani, naandika. Mama Neema amesimama nyuma yangu na sindano, anachokonoa lile fundo la baba. Hana haraka hata kidogo, na mara nyingine nasikia mabega yake yanatikisika. Mama mkwe yuko ndani, nyuma ya pazia. Sasa hivi ametuma ujumbe kupitia kwa binti yake: na yeye anataka sweta, ila la kwake liwe na vifungo mbele.

Mnaotaka kucheka, chekeni huko huko mliko. Msinichekeshe mimi. Sindano iko shingoni.