Kefinco Nilienda, Nguo Zikabaki Amalemba

Leo nimeaibika, jamani, na viatu bado vina maji.

Mnamkumbuka Nafula? Tulikuwa ploti moja hapa Amalemba, mfereji mmoja, kamba moja ya nguo. Juzi juzi akahamia mtaa wa Kefinco, kwa wenye nazo. Tangu siku hiyo ni picha tu kwa WhatsApp. Nafula na vigae. Nafula kwa roshani. Nafula na sinki. Sinki! Roho imeniuma mpaka siku hizi naosha vyombo nimenuna.

Sasa akaniambia nyumba iliyo karibu naye iko wazi. Asubuhi nikafua mbio mbio, nikaanika, nikavaa gauni la harusi ya dada yangu (la msimamizi, si la bibi harusi, bado nina akili), nikachukua boda.

Kufika getini, naona wingu jeusi upande wa kwetu. Nikampigia jirani yangu, Mama Brayo, aniangalizie nguo. Kwetu ndivyo ilivyo: mvua ikija, aliye nyumbani anaanua za ploti nzima. Kabla hajapokea, Nafula akafungua geti, mwenye nyumba nyuma yake. Nikatumbukiza simu kwenye mkoba. (Sikuikata. Shikeni hapo.)

Mwenye nyumba, mama wa miwani, akaniuliza, "Kwani mbona unahama?"

Nikapata jukwaa. "Mama, kule hakuna siri. Ukichinja ingokho, kuku wako mwenyewe, kila mtu anajua. Kuna mmoja anaitwa Mama Brayo, huyo anachungulianga mpaka sufuria! Na ile sauti yake, haihitaji simu. Mimi nataka majirani wa hadhi, kila mtu na kwake."

Mama akatikisa kichwa kwa huruma. Nyumba ilikuwa yangu! Nilishaanza kuchagua pazia.

Mkoba ukaongea.

"Mama Tasha!"

Sote watatu tukautazama.

"Nimesikia yote. Na huku mvua imeanza. Nguo zako naziona hapa kwa dirisha. Zinalowa vizuri."

"Mama Brayo, dada yangu, tafadhali..."

"Dada yako ni Nafula. Mwambie akuanulie."

Akakata. Nafula alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatetemeka. Mwenye nyumba akavua miwani. "Kweli haihitaji simu," akasema. Kisha akaniambia atanifikiria. Mnajua mwenye nyumba akikufikiria maana yake nini.

Nimerudi nimelowa chapachapa. Kwenye kamba zimebaki zangu tu, zinachuruzika, mpaka shuka. Za wengine wote zimeanuliwa, kavu. Nilitoka hapa nikionea wivu sinki ya Nafula. Nimerudi naonea wivu soksi za majirani!

Mama Brayo akafungua mlango wake, akanikabidhi sare ya shule ya Tasha wangu. Kavu. Ameikunja vizuri.

"Mtoto hajanitukana," akasema, akafunga.

Asante nikauambia mlango.

Sasa nawaomba, mkicheka, chekeni polepole. Huyu mama anasikia, na kesho nina shuka za kuanika upya.