Mwelekeo wa Jua kwa Wabeba Zege wa Singe

Babati, Alhamisi tarehe 20 Februari 2025. Leo nimetimiza miezi mitano na siku kumi na mbili tangu niondoke hapo Biharamulo.

Mama Kandida, huku jua linatupiga vibaya. Jumatatu tulimwaga zege la slabu kwenye hili ghorofa la Singe, na saa saba mchana Damasi, yule ninayelala naye chumba kimoja, akaanguka na karai lake. Tulimlaza nyuma ya ukuta tukampepea kwa mfuko wa saruji mpaka akafumbua macho. Tukamwomba msimamizi wetu, Elimringi, tuanze kazi alfajiri, mchana tupumzike, na tuwekewe pipa la maji ya kunywa. Akajibu kwamba hawezi kubadili ratiba mpaka mtaalamu athibitishe kuwa hili joto ni joto. Jana mtaalamu akaja, afisa mmoja wa kamati ya joto, akahutubia saa nzima huku ameshikiwa mwavuli, akaondoka. Hatukupata hata kikombe cha maji. Leo wakati wa chakula wenzangu wakanipandisha juu ya rundo la kokoto niwarudie hotuba yake, maana unajua navyoiga watu. Elimringi alikuwa anakula kando, na tulijua anasikia. Nimekuandikia yote, uwasomee na majirani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kokoto, Mheshimiwa Katibu wa Sepetu, waheshimiwa wajumbe mnaowakilisha toroli zima na lile lenye pancha, Mkuu wa Idara ya Mchanga, Mama Evelyne, mgeni rasmi na mlezi wetu wa wali maharage, viongozi wa dini mliopo na mliokimbilia ukutani, ndugu Elimringi, ambaye hakualikwa lakini yupo, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mama Evelyne anagonga mwiko kwenye sufuria.)

Nimesimama mbele yenu, na nawaomba msisimame nami kwa sababu mwavuli ni mmoja, kwa niaba ya Kamati Maalumu ya Kuratibu Mwelekeo wa Jua, ambayo mimi ni mwenyekiti wake, katibu wake na mjumbe pekee anayehudhuria, ili niwasilishe rasmi na kwa upana wake taarifa ya hali ya hewa ya mkoa wetu, taarifa iliyoandaliwa kisayansi, kidijitali na kwa kuwashirikisha wadau wote isipokuwa nyinyi. (Sauti: 'Asante kwa kutukumbuka!') Kaskazini mwa mkoa kutakuwa na jua. Kusini kutakuwa na jua. Katikati kunatarajiwa jua likiambatana na jua. Hapa mjini, wakazi wa Nakwa wataona mawingu matatu yatakayopita bila kusalimia mtu, na upepo kutoka mlima Kwaraa utavuma kwa dakika nne, hivyo mjipange. Aidha, tumepokea kwa masikitiko taarifa kwamba viboko wa ziwani wameingia majini tangu asubuhi bila kusubiri mwongozo wa kamati, na watachukuliwa hatua. (Kicheko. Mtu amepaliwa maharage.)

Ndugu wananchi, kuna watu wachache wanaopotosha umma kwamba kuna joto. Nataka niweke kumbukumbu sawa. Jana, mimi mwenyewe, pamoja na dereva, tulipima joto ndani ya gari la kamati, vioo vikiwa vimefungwa na kipoza hewa kikiwa kimewashwa, kwa mujibu wa utaratibu, na kipimo kikasoma nyuzi kumi na tisa. (Sauti: 'Tupe na sisi lifti!') Dereva, kwa bahati mbaya, akafungua mlango. Kipimo kikaanza kupanda, kikafika thelathini na nne, na mimi, kwa uzalendo, nikamwamuru aufunge haraka ili kuzilinda takwimu. Kwa hiyo joto la Babati ni nyuzi kumi na tisa, na yeyote anayetokwa jasho chini ya hapo analitoa kwa hiari yake. (Damasi anainua shati lililolowa: 'Hiari hii hapa, mheshimiwa!')

Naliona shati, naliheshimu. Lakini kamati yangu haikukaa bure. Tumefanya vikao kumi na vinne, semina sita na ziara moja ya mafunzo sehemu yenye baridi, na matokeo yake ni Mradi Jumuishi wa Kivuli na Maji kwa Mbeba Zege, mradi wa mfano ambao utekelezaji wake umefikia asilimia tisini na saba, yaani tumeshaupa jina, nembo na fulana. (Sauti: 'Fulana ziko wapi?') Fulana tumezivaa sisi, kwa majaribio.

Sasa nizungumzie zege. Nimekagua zege hili la Jumatatu na nimefarijika sana, maana limefunikwa magunia mabichi, linamwagiliwa asubuhi, mchana na jioni, na mtu amewekwa maalumu kuangalia lisipate nyufa. (Watu wanaangalia juu kwenye slabu.) Likikauka kidogo tu, msimamizi anapiga kelele, 'Maji! Maji!', na vijana wanakimbia. Hiyo ndiyo huduma bora. Sasa nyinyi mliolibeba zege lile kichwani mmefunikwa na nini? Mmemwagiliwa saa ngapi? (Sauti: 'Bado!') Msihofu. Kamati imependekeza, na pendekezo liko mezani tangu mwaka juzi, kwamba mbeba zege apandishwe hadhi hatua kwa hatua mpaka alingane na zege. (Makofi marefu. Wengine wanasimama. Elimringi ameacha kutafuna.)

Tunyooshe mikono juu tuitikie pamoja! Kivuli! (Kinakuja!) Maji! (Yanakuja!) Ratiba mpya! (Inakuja!) Damasi! (Damasi, kwa sauti yake mwenyewe: 'Nimekuja, lakini sijamwagiliwa!' Kicheko, sufuria inagongwa.)

Kwa kumalizia, nawashukuru wote waliofanikisha siku hii. Namshukuru fundi aliyejenga kibanda hiki cha kivuli mlichoketi ndani yake, ambaye bado hatujamtafuta. Nalishukuru pipa la maji baridi lililo mkono wangu wa kulia, ambalo bado halijafika. Naushukuru mradi wenyewe, ambao haujawahi kuwepo, kwa kutotusumbua hata siku moja. Nautangaza umezinduliwa rasmi. Asanteni kwa kunisikiliza, endeleeni kukaa juani." (Makofi. Mzungumzaji anateleza kwenye kokoto na kushuka kwa makalio.)

Basi, nilipokuwa najipangusa vumbi, nikaona viatu vya Elimringi mbele yangu. Nikajua kazi imekwisha, nirudi kufunga begi. Akauliza:

"Mheshimiwa, hicho kibanda chako kinahitaji mirunda mingapi?"

"Minne, bosi."

"Ile iliyobaki nyuma ya stoo ni mingapi?"

"Sita."

"Sasa unasubiri kamati ipi?"

Mama Kandida, kibanda tulikisimamisha kabla Mama Evelyne hajamaliza kuosha sahani. Juu tumetandika magunia yaleyale ya kufunikia zege, yaliyozidi, tukayalowesha. Elimringi mwenyewe alisugua pipa la buluu kwa mchanga, akalijaza kwa mpira, na kikombe cha kwanza akampa Damasi, akamwambia, "Kunywa, usije ukapata nyufa." Kuanzia kesho tunaingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na saa sita mpaka saa tisa tunalala kama wale viboko.

Nimechoka, lakini leo nimechoka nikicheka.

Slabu inataka siku ishirini na moja ndipo mirunda ya chini inayoishikilia itolewe. Hiyo ni Jumatatu tarehe 10 Machi. Jumanne alfajiri napanda basi, na Jumatano jioni, tarehe 12, nategemea kupiga hodi hapo mlangoni. Tarehe hii imepangwa na zege, siyo na afisa, kwa hiyo weka maji ya kuoga.

Egidius, Baba Kandida