Miswaki ya Chai ya Saa Nne

Jumatatu, 30 Machi
Daftari, uniwie radhi. Tangu Ruweida azaliwe sijakushika, na sasa ana miezi saba. Muda sina. Usingizi ndio kabisa.
Habari ni moja. Bi Mmanga, mwalimu mkuu wetu hapa Gando, anatafuta mwalimu wa afya. Mwalimu wa afya hasomeshi mchana. Adhuhuri yuko kwake na mwanawe. Wangu hataki kikombe wala kijiko, analia mpaka nirudi. Nafasi hii ni yangu. Anayeitaka pia ni Mwalim Kificho, ambaye hana wa kumnyonyesha.
Mpango: kila mwalimu apige mswaki baada ya chai ya saa nne. Nisimamie mie.

Jumanne, 31 Machi
Nimegawa miswaki. Mwalim Bakar kasema meno yake yana mke wa kuyaangalia, mie yananihusu nini. Halafu kausugulia viatu. Kificho hakunywa chai wala hakugusa mswaki. Kasema leo hatii kitu mdomoni, kisha kajitenga dirishani. Nikamfuata, nikamsogelea kama namwonyesha mahudhurio. Ananuka. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Jumatano, 1 Aprili
Nimekwenda ofisini. Nikamwambia Bi Mmanga, kwa heshima zote, kwamba mwenye kinywa kile hawezi kuwafundisha watoto kutunza meno. Akasema Kificho anafunga sita ya mfungo mosi, zile saumu za baada ya Ramadhani, ila hapendi kujitangaza. Na yeye Bi Mmanga pia kafunga. Akaniuliza, je mwanangu, na mimi nanuka?
Nikasema kidogo tu.

Alhamisi, 2 Aprili
Kificho kapewa. Mie nimepangiwa mchana, wiki nzima. Bakar ananiita Bi Pua. Nimefika nyumbani jua limezama, mtoto sauti imemkauka. Kanyonya huku kashikwa na kwikwi, kidole changu hakukiachia. Nimemwambia azoee, mama hana njia nyengine. Kisha nikalia mie.

Ijumaa, 3 Aprili
Leo Ijumaa Kuu, shule hakuna. Nimefikiri. Kosa halikuwa kumwambia Bi Mmanga. Kosa ni kumwambia mikono mitupu. Saumu zake zikimalizika nampelekea zawadi.
Baba Ruweida yuko Unguja, nimwagize anitumie kwa boti kikombe cha mtoto chenye mdomo, na vya Bi Mmanga: dawa ya meno ya mnanaa, kubwa, ile kali, mswaki laini, wa fizi za mtu mzima, kijiti cha kukwangulia ulimi, na karatasi ya kuvifungia, yenye maua, asije akadhani namtukana.